Je, mtoto anazaliwa na kichwa kigumu?



Tunaandika makala hii kwa sababu tulicheka. Ilikuwa wakati wa staji yetu ya kufundisha, katika mwaka wa tatu wa shule moja ya msingi. Mtoto mmoja aliitwa mbele kufanya hesabu ya kutoa. Akasimama, akashika chaki, akaangalia tablo, akanyamaza. Mwalimu wa darasa (hatumtaji, wala shule hatuitaji) akatuambia kwa sauti kubwa, watoto wote wakisikia: "Uyo mwachane naye. Ni mambo ya ukoo yabo. Baba yake alikuwaka tu vile." Darasa zima likacheka. Sisi pia, watu wa Pedagojia, tuliofundishwa saikolojia ya mtoto, tulicheka. Mtoto akarudi kwenye benchi lake la nyuma. Kesho yake hakuja shuleni. Kesho kutwa hakuja.

Siku ya tatu wawili wetu walikwenda kwao. Walimkuta koko wake, ambaye ndiye anamlea. Koko akasema kwamba mtoto anaamka kungali giza kwenda kuchota maji, kisha anakuja shuleni bila kula, kwa maana nyumbani wanapika mara moja tu, jioni. Wakamwuliza mtoto mwenyewe: sasa, hesabu inakushinda sababu gani? Akajibu polepole: "Mi sionaka muzuri kule ku tablo." Miaka mitatu yuko shuleni na hakuna aliyemwuliza!

Tulimwambia mwalimu. Tumpe sifa yake: hakukasirika, alimhamisha mtoto siku ile ile akamkalisha benchi la mbele. Hatusemi kwamba mtoto amekuwa wa kwanza darasani. Tunasema tu kwamba ile hesabu ya kutoa aliifanya.

Basi, tangu siku ile tunajiuliza sisi kwa sisi: nini kinamfanya mtoto awe vile alivyo? Ni damu ya wazazi, au ni mahali anapokulia? Wazee wetu wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini wazee hao hao wanasema pia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali zote mbili zinatoka katika kinywa kimoja. Tushike ipi?

1. Kile kinachotoka kwa wazazi

Kwanza tuseme ukweli: urithi upo. Hatutaki kuwa watu wa kukataa jambo ambalo macho yanaliona. Mtoto anapata nusu ya mbegu yake kwa baba na nusu kwa mama. Rangi ya macho, umbo la pua, aina ya damu, hata urefu kwa sehemu kubwa, vinatoka humo. Macho yasiyoona mbali nayo mara nyingi yanatembea katika familia. Kwa hiyo huenda hata yule mtoto wa staji alirithi kitu kwa baba yake kweli. Lakini kama alirithi, alirithi macho, hakurithi upumbavu. Na dawa ya macho ni miwani, na pasipo miwani ni benchi la mbele.

Tuchukue mfano mzito zaidi, ugonjwa wa drepanositozi, ule wa chembe za damu zenye umbo la mundu. Katika nchi yetu ni wengi wanaoufahamu kwa machozi. Mtoto anaumwa mifupa, vidole vinavimba, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua. Huu ni ugonjwa wa urithi kabisa. Anayebeba mbegu moja tu ya ugonjwa anaitwa AS, na kwa kawaida haumwi. Lakini AS akioana na AS, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa SS, yaani mgonjwa. Si kwamba wa kwanza akiumwa, watatu wanaofuata watapona. Hapana. Kila mimba inaanza hesabu yake upya.

Hapa watu wengi watasema: mnaona sasa? Damu ndiyo yote. Ngojeni kidogo. Mwaka 1954 mganga mmoja, Anthony Allison, aliyekuwa amefanya uchunguzi Kenya na Uganda, alionyesha kwamba mtu wa AS anakingwa kwa sehemu na malaria kali. Ndiyo maana mbegu ile imebaki kwa wingi pande zetu zenye mbu. Maana yake nini? Maana yake hata damu yetu yenyewe imechongwa na mahali tulipokaa, vizazi na vizazi.

Tena tazameni watoto wawili wenye SS. Mmoja analala ndani ya chandarua, anakunywa maji ya kutosha, amepata chanjo zake zote, akiwa na homa anapelekwa upesi kwa mganga, na anafuatiliwa na dawa. Wa pili anaachwa kwenye baridi, anapigwa na malaria kila mara, na wakati wa maumivu anapelekwa kwa mtu wa kumtafutia mchawi. Mbegu ni moja, lakini maisha si moja. Wa kwanza anaweza kusoma, kuoa au kuolewa, na kufanya kazi. Wa pili mara nyingi tunamzika angali mdogo.

Na mara ngapi mtoto wa namna hii, au ndugu yake mzima, ameitwa mchawi? Tukumbushane: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Haya tunajifunza katika somo la uraia, tunaandika katika kaye zetu, tunapata pointi. Halafu tunarudi nyumbani na kunyamaza.

2. Sufuria moja si damu moja

Sasa tutoe mfano wa jimbo letu wenyewe, Kivu ya Kusini. Kule Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, zamani watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, ule unaoitwa goita. Mama alikuwa nao, binti alikuwa nao, na mjukuu vilevile. Tena katika familia hizo walizaliwa watoto ambao mwili haukukua na akili ilichelewa sana. Mtu akiona jambo linashika nyanya, mama na mtoto, atasema nini? Atasema ni ukoo, au ni laana.

Katika miaka ya 1960 na 1970 waganga wachunguzi, Wabelgiji na Wakongo, wengine wakifanya kazi kutoka Lwiro, walikwenda kuchunguza. Walikuta kwamba udongo na maji ya kule vina upungufu wa iyodi, kitu kidogo sana ambacho mwili unakihitaji ili mtoto akue, na hasa ubongo wake tangu tumboni. Lakini jambo moja liliwashangaza. Iyodi ilikuwa kidogo kaskazini ya kisiwa na kidogo vilevile kusini-magharibi. Mbona goita ilijaa kaskazini tu? Wakatafuta katika chakula. Kumbe ni mihogo! Mihogo isiyotayarishwa vizuri inabaki na sumu, na sumu hiyo ikiingia mwilini inazuia hata ile iyodi kidogo isitumike. Ndipo watu wakachomwa sindano za mafuta yenye iyodi, na uvimbe ukapungua.

Mnaona, wasomaji? Jambo lilipita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kama urithi, na lilikaa ndani ya ukoo kama urithi. Lakini kilichowaunganisha watu hao kilikuwa sufuria, maana nyumba moja inakula chakula kimoja kutoka shamba moja. Sisi wa pwani ya Tanganyika tunakula bugali ya mihogo kila siku, na mama zetu wanajua kuloweka mihogo siku kadhaa na kuianika vizuri juani. Tusiwadharau kwa kazi ile ya kuchosha. Wanalinda akili ya watoto wao. Na chumvi mnayonunua sokoni, tazameni kama ni ya iyodi, kisha muifunike isipate unyevu.

Tusidhani pia kwamba njaa inaumiza tumbo peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika nchi yetu watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Mtoto aliyedumaa tangu miaka miwili ya kwanza mara nyingi anachelewa hata katika kujifunza. Akifika shuleni tunamwita kichwa kigumu. Tena tunamtazama baba yake, naye mfupi, tunasema: ni ukoo! Huenda baba naye alidumaa kwa njaa ya zamani zake.

3. Maneno ya damu yamekwisha kuua watu

Wengine watasema tunakuza jambo dogo, ni neno la mzaha tu la mwalimu. Hapana. Neno hili lina historia.

Mwaka 1869 Mwingereza Francis Galton alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba akili kubwa ni ya kurithi. Alitazama majaji na watu wakubwa wa Uingereza akaona baba ni mkubwa, mtoto ni mkubwa, mpwa naye ni mkubwa. Lakini hakuhesabu vya kutosha kwamba mtoto wa jaji anakulia katika nyumba yenye vitabu, pesa na marafiki wa kumfungulia milango. Mwaka 1883 akatunga jina la elimu ya kuchagua watu wa "damu nzuri". Baada yake, Marekani ilitunga sheria za kuwafunga uzazi watu walioitwa wapumbavu kwa kuzaliwa, na mwaka 1927 mahakama kuu ya kule ikakubali. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa uzazi namna hiyo. Ujerumani ikafuata mwaka 1933, na hesabu ikapanda hadi karibu 400,000, kabla ya kufika kwenye mauaji yenyewe.

Na karibu nasi? Wakati wa ukoloni, katika Ruanda-Urundi, wazungu walipima watu pua na vichwa, na katika miaka ya 1930 huko Rwanda kabila likaandikwa katika kitambulisho. Mwaka 1994 kitambulisho kile kilitosha kumwua mtu barabarani. Sisi wa Fizi tusijidai watakatifu. Tumesikia kwetu maneno ya namna ile ile: kabila hili lina damu ya uuaji, kabila lile lina damu ya udanganyifu, wale wengine ni wavivu kwa kuzaliwa. Anayesema "ni damu yao" juu ya mtoto mmoja wa darasa la tatu na anayesema "ni damu yao" juu ya kabila zima wanatumia kisu kimoja. Tofauti ni urefu wake tu.

Tazameni historia yetu wenyewe. Katika vita vya 1996 na 1998 wengi wa Fizi walivuka ziwa, wakaenda Kigoma, wakakaa Nyarugusu na Lugufu. Katika familia moja mmoja amekulia kambini, mwingine amebaki huku. Wanapokutana, mmoja anaongea Kiswahili cha Tanzania hata watoto wanamwita mgeni, mwingine anaongea chetu hiki na kuchanganya Kifaransa na Kibembe. Ni watoto wa mama mmoja. Damu haikubadilika, walibadilika majirani. Na mwaka 2015 kambi ilifunguliwa hapa hapa Lusenda kwa ajili ya Warundi waliokimbia. Mtoto wa kambini akikosa dikte, tusiseme Warundi hawajui Kifaransa. Tuulize alibadilisha shule mara ngapi.

4. Jibu kwa wanaobisha

Tulipojadili mambo haya darasani, mwenzetu mmoja alisimama akauliza: kama ni mazingira, mbona ndugu wawili wa nyumba moja, sahani moja, mmoja anapasi na mwingine anaanguka? Swali ni zuri.

Jibu la kwanza: hapo ndipo urithi unaposema neno lake. Ndugu wawili hawakupata mbegu zile zile, kila mmoja alipata nusu yake kwa namna yake. Kuna watoto wanaozaliwa na wepesi wa hesabu, na wengine na wepesi wa kuimba. Tena kuna wanaozaliwa na ugumu wa kweli wa kujifunza. Hao nao wanahitaji uvumilivu zaidi. Kicheko hakiwafai.

Jibu la pili: nyumba moja si mahali pamoja kwa watoto wote. Binti mkubwa anabeba mdogo mgongoni, anapika, anafua, halafu anafungua kaye wakati mafuta ya taa yamekwisha. Kaka yake anayemfuata amerudi kucheza mpira na anakuta chakula kimeiva. Mwisho wa mwaka tunasema: huyu kijana ana akili ya baba yake, binti hana. Je, tumepima akili, au tumepima saa za kupumzika?

Mfano mmoja wa mbali unatufundisha sana. Mwaka 1989 serikali ya Ceaușescu ilipoanguka huko Romania, ulimwengu uliona watoto zaidi ya 100,000 wamefungiwa katika nyumba za yatima, wanalishwa lakini hakuna wa kuwabeba wala kuongea nao. Kuanzia mwaka 2000 wachunguzi walifuata watoto 136 mjini Bucharest. Nusu yao, kwa kura, walipewa familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya kutimiza kama miaka miwili walipona zaidi, kwa akili na kwa moyo. Walikuwa watoto wa aina moja, nchi moja. Kilichowatenganisha ni mtu wa kuwapokea, na wakati alipofika.

5. Neno la Mungu linasema nini

Shule yetu ni ya Kiprotestanti, kwa hiyo tusiache Biblia mlangoni. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali lao ni lile lile la mwalimu wa staji. Bwana alikataa yote mawili, akageukia kazi ya kufanya, akamfungua macho. Katika Ezekieli sura ya 18 Mungu anawakataza Waisraeli kuendelea kutumia methali iliyosema kwamba kosa la baba linauma katika kinywa cha mtoto. Na mfano wa mpanzi tunaujua tangu Shule ya Jumapili. Mpanzi alikuwa mmoja na mbegu moja, lakini udongo ulikuwa wa namna nne.

Lakini tujihadhari na kitu kimoja. Wengine wakisikia maneno ya mazingira wanapata mahali pa kujificha: mimi naiba kwa kuwa nimekulia vitani, mimi sisomi kwa kuwa baba hakusoma. Hapana, wapendwa. Ezekieli huyo huyo anasema kila mtu atajibu kwa mwenendo wake. Udongo wetu hatukuuchagua, lakini jembe tumepewa.

6. Tunaomba nini

Kwa wanafunzi wenzetu: tuache kucheka. Mtoto anaweza kustahimili kutojua hesabu. Kuchekwa mbele ya wenzake hakustahimili, anakimbia. Na ninyi mnaofikiria ndoa baada ya diploma, mkapime damu wote wawili kabla ya kupeleka mahari. Kipimo hakikatazi mapenzi, kinawapa ujuzi mapema, ili msije mkaanza kuhesabu makaburi na kutafuta mchawi.

Kwa wazazi: mtoto mchelewaji asipewe jina la mjomba aliyeshindwa. Jina hilo linamfuata mpaka analikubali.

Kwa walimu wetu, tunasema kwa heshima, maana kesho sisi wenyewe tutashika chaki hiyo: kabla ya kusema neno "ukoo", tuulizeni maswali manne. Amekula? Amelala? Anaona tablo? Anasikia sauti? Maswali haya hayaombi hata franga moja. Kama majibu yote manne ni ndiyo na mtoto bado anashindwa, basi tuketi karibu naye tutafute tena.

Yule mtoto wa staji bado yuko kwenye benchi la mbele. Miwani hajapata, maana pesa haipo. Sisi wa darasa letu tumeanza kuchanga kidogo kidogo, na yeyote anayetaka kuongeza anakaribishwa. Ni njia yetu ya kulipa kile kicheko.

Ndimi sisi,
wanafunzi wa mwaka wa nne, Pedagojia
Lusenda